Usimnyamazishe!

Muuguzi mkunga wa zahanati ya Lundo humwamkia kila mtoto anayezaliwa: "Shikamoo mzee, pole na safari." Kisha hujiitikia mwenyewe kwa niaba ya mtoto, kwa sauti nyembamba, "Marahaba." Mjukuu wa Bibi Emerensiana alilia vizuri, lakini kila aliponyamaza midomo iligeuka zambarau. Bibi akaanza kumbembeleza. "Mama, usimnyamazishe! Mchokoze!" mkunga akafoka, akimfinya mtoto unyayo. Akachambua pamba, akaishika chini ya pua ya bibi, ikapepea. Chini ya pua ya mtoto, ikatulia tuli. Akajaribu kupitisha mpira mwembamba puani. Matundu yote mawili yakaugomea. "Huku nyuma ya pua kumeziba tangu tumboni, mama. Na kichanga hajui kupumulia mdomo mpaka alie." Akamwekea kipira mdomoni kumpitishia hewa, wakapanda gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa, bibi akisali rozari, mkunga akiitikia bila kuachia kipira.

Huko mtoto alipasuliwa, pua ikazibuliwa. Siku aliporudishwa kliniki, mkunga aliinama amsikilize anavyopumua, naye akampigia chafya usoni. Mkunga hakujifuta. "Makamasi, mama! Yametoka puani!" Akapiga vigelegele, hata wajawazito waliokuwa foleni wakavipokea bila kujua sababu.