Mtihani wa Chekechea

Hospitali ile ya ghorofa nne ilikuwa na kompyuta mia mbili na ushee, na hakukuwa na waya hata mmoja uliopita darini ambao Mama Nyaya hakujua unakotoka na unakokwenda. Alianza kazi akiwa mbeba ngazi, akawa msaidizi, akawa fundi, na baada ya miaka kumi na minne yeye ndiye aliyesimamia chumba cha mitambo, kile chumba cha baridi chenye feni zinazovuma, ambamo mtandao wote wa hospitali ulikusanyika. Daktari akikosa picha za mgonjwa kwenye skrini, aitwe Mama Nyaya. Mapokezi wakikwama, Mama Nyaya. Akipita koridoni na mkanda wa vifaa kiunoni, hata wauguzi wakuu walimpisha. Basi kichwa kikavimba, na mimi simlaumu sana kwa hilo.

Ninamlaumu kwa mdomo. Mwaka mmoja nyuma, fundi mwenzake, mwanamume wa makamo asiye na maneno mengi, alikwenda kufanya mtihani wa cheti cha mtandao, kile cha ngazi ya mwanzo kabisa, akaanguka. Mama Nyaya alisimama katikati ya chumba cha chai na kumwigiza anavyojifuta jasho mbele ya kompyuta. "Mtihani wa mwanzo unakushinda, kaka? Huo si wa chekechea huo!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia hapo maskini hakuitwa tena kwa jina lake, aliitwa Chekechea, na wiki mbili hazikupita akaomba ahamishiwe stoo ya vipuri, kule chini kabisa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa uongozi ukatoa waraka. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, asiye na cheti hicho hataingia chumba cha mitambo, awe nani, awe na miaka mingapi kazini. Kazi ya chumba angekabidhiwa mwenye cheti, na wengine wangekuwa chini yake.

"Nikuandikishe tarehe ngapi, mama?" mkuu wa idara alimuuliza. "Ukianguka, kurudia ni baada ya wiki mbili. Tukiwahi mapema..."

"Nianguke?" Mama Nyaya alicheka. "Bosi, mimi nimeufunga mtandao huu kwa mikono yangu. Niandikie mwisho wa mwezi, sasa hivi kazi zimenibana."

Ikaandikwa tarehe ishirini na nane. Yaani alijifungia mlango wa kurudia yeye mwenyewe, kwa kicheko.

Nyumbani, mume wake, fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni, aliona kitabu cha mtihani kikikaa juu ya kabati wiki nzima bila kufunguliwa.

"Mama watoto, utasoma lini?"

"Nisome nini? Hayo waliyoandika ndiyo ninayoyafanya kila siku."

"Mimi nashona kila siku, lakini ukiniambia nieleze kwa maandishi jinsi kola inavyokatwa, nitakwama."

"Basi wewe kwama. Mimi sikwami."

Zikiwa zimebaki siku nne, alikifungua kitabu nyuma, penye maswali ya majaribio, ili tu amwoneshe mume wake. Maswali arobaini. Alipata kumi na saba. Akahesabu tena, akidhani ameruka ukurasa. Kumi na saba. Cherehani ilikuwa imenyamaza, na alijua bila kugeuka kwamba anatazamwa. Alifunga kitabu, akasema majibu yao yamekosewa, kisha akaenda nacho chumbani na kufunga mlango. Siku tatu zilizofuata alisoma kama anayefukuzwa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu maneno ya kitabu yalizungumza juu ya vitu alivyovishika kila siku kana kwamba hajawahi kuviona.

Jumatano saa tatu asubuhi alifika kituo cha mtihani. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza sita, kila moja na ubao wa kuitenga na jirani, na kamera juu ya kila kichwa. Msimamizi, dada mwenye sauti ya chini, alimwomba atoe kila kitu mfukoni. Simu ikaingia kwenye kabati la chuma. Saa ya mkononi pia. Miwani yake ikapinduliwapinduliwa kwenye mwanga kama noti inayoshukiwa.

"Utatumia hiki," dada alimpa kibao cha plastiki na kalamu ya wino mzito. "Maswali sabini, dakika tisini. Ukishabonyeza kuendelea, hurudi nyuma. Asilimia themanini ndiyo kufaulu. Kila la heri, mama."

Hurudi nyuma. Darini kila kitu kinarudiwa: ukikosea waya unakata ncha, unafunga upya.

Swali la kwanza lilimtaka amgawie mteja anwani za mtandao: ofisi sita, kila moja kompyuta ishirini na tano, bila kupoteza nafasi. Kazi hii aliifanya mara ngapi? Mamia. Ila aliifanya kwa simu. Unaingiza namba, simu inakupa jibu, unanakili, basi. Sasa simu ilikuwa kwenye kabati la chuma, na mkononi ana kibao. Akaandika ukubwa wa mafungu ya anwani, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, akafuta, akaandika tena. Dakika tano zikaenda. Alipobonyeza kuendelea hakuwa na uhakika, na swali la pili lilikuwa lilelile kwa namba nyingine.

La tisa lilimtuliza moyo. Mtumiaji anasema kompyuta yake haipati mtandao, fundi afanye nini kwanza? Hapo alitabasamu. Kukagua waya, jamani! Miaka kumi na minne, mara tisa kati ya kumi ni waya. Akachagua, akabonyeza, na skrini ilipobadilika tu ndipo macho yake yakakumbuka chaguo lililokuwa chini yake: kumuuliza mtumiaji kilichobadilika. Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya hilo. Aliusoma jana. Aliuona upuuzi, akaupita.

Kijasho chembamba kikaanza kumtoka mgongoni, chumba kina kiyoyozi. Akajikaza.

Swali la thelathini na moja halikuwa swali, lilikuwa kazi. Swichi mbili za mtandao zimechorwa kwenye skrini, hazisomani, ziunganishe. Mama Nyaya alivuta kiti mbele. Haya ndiyo ya kwake. Akaandika amri kwa haraka, vidole vikienda vyenyewe, na mashine ikamjibu kwamba haielewi. Akaandika tena. Haielewi. Kazini alizoea kuandika herufi mbili tatu za mwanzo wa amri, kubonyeza kitufe kimoja, na swichi ikamalizia neno lenyewe. Hapa ilimtaka aandike neno zima, na akagundua kwa hofu kubwa kwamba vidole vyake vinajua mianzo ya maneno tu. Miaka kumi na minne hakuwahi kuandika amri hata moja mpaka mwisho.

Alijaribu herufi hii, akajaribu ile. Saa ya pembeni ya skrini ilimwonyesha dakika hamsini, arobaini na tano, arobaini. Mtu wa meza ya jirani alisimama, amemaliza, akatoka huku viatu vyake vikilia sakafuni. Mama Nyaya alitamani kulia. Swichi ya kwanza ikakubali zikiwa zimebaki dakika thelathini na mbili. Ya pili akaiacha, akabonyeza kuendelea, na maswali thelathini na tisa yakawa yanamsubiri.

Baada ya hapo alisoma nusu ya swali na kukisia nusu. Mengine aliyajua kabisa, na hayo ndiyo yaliyomuuma, kwa kuwa aliyapita mbio na baadhi aliyakosea kwa pupa. Swali la sitini na nane lilikuwa wazi mbele yake muda ulipokwisha.

Skrini ikawa nyeupe. Kisha ikaandika: asilimia sabini na sita. Hujafaulu.

Hakusimama. Dada msimamizi alikuja taratibu, akamwinamia. "Mama, wengi huanguka mara ya kwanza. Wanaona neno 'mwanzo', wanaudharau."

"Asante, mwanangu," akasema.

Alirudi kazini saa saba. Alitaka kupita mlango wa nyuma, lakini wenzake walikuwa wamemvizia. Chumba cha chai kilijaa, soda zimepangwa mezani, na mapokezi wote wamekuja. Ni yeye aliyewaambia tangu jana wajiandae kusherehekea. Mkuu wa idara alikuwepo. Na mlangoni, ameshika bahasha ya vipuri aliyoagizwa kuleta, alisimama yule wa stoo.

"Haya, cheti kiko wapi?" mtu akapiga kelele.

Mama Nyaya alitazama soda. Angeweza kusema majibu hayajatoka. Neno hilo lilikuwa tayari limemfika ulimini.

"Nimeanguka," akasema.

Wengine walicheka, wakidhani anatania. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

Mkuu wa idara alikohoa. "Pole sana, mama. Basi, kama waraka unavyosema, tarehe mosi chumba cha mitambo nakikabidhi kwa mwenye cheti. Anacho mmoja tu hapa hospitalini." Akamtazama mtu wa mlangoni. "Alikileta ofisini kwangu mwezi wa tatu, akaniomba nisitangaze."

Vichwa vyote viligeuka. Yule wa stoo aliitazama bahasha yake kana kwamba ina maandishi.

"Ulifaulu?" Mama Nyaya aliuliza. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngeniuliza ni mara ya ngapi. Ilikuwa mara ya nne."

Mara ya nne. Mama Nyaya alipiga hesabu. Mtu huyu alikaa kule chini kati ya maboksi, akasoma, akaenda, akaanguka, akarudi kufungua stoo asubuhi kama hakuna lililotokea, mara mbili zaidi, na siku aliyoshinda hakuwa na mtu wa kumwambia. Na aliyemnyang'anya mtu huyo wa kumwambia ni yeye.

"Kaka," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima kumwita hivyo bila kejeli, "nilikukosea. Nilikukosea mbele ya hawa, nakuomba radhi mbele yao. Na nakuomba unifundishe."

Mwanamume yule aliweka bahasha mezani, akaisukuma mbali na soda isilowe.

"Nitakufundisha," akasema. "Siyo stoo, wala siyo kwenye chumba cha mitambo. Hapa hapa, saa nne, wakati wa chai, watu wakiwepo."

Watu walitazama viatu vyao. Yule waliyemjua kwa upole hakuwa amepaza sauti hata kidogo, ila hakuna aliyedhani anatania, na Mama Nyaya kuliko wote alielewa alichoambiwa na kwa nini ni haki yake kukisema.

"Sawa," akajibu.

Kesho yake saa nne chumba kilikuwa kimejaa kuliko siku zote. Wengine hata si wanywaji wa chai. Mama Nyaya aliingia na kitabu chake, akapita katikati yao, akaketi kwenye meza ya katikati. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kaa. Hakumsalimia kwa dhihaka wala hakumhurumia. Alifungua ukurasa, akakigeuza kitabu, akaweka kidole.

"Ofisi nane, kila moja kompyuta kumi na mbili. Unagawaje anwani? Usitumie simu."

Vijiko viliacha kukoroga. Mama Nyaya alishika kalamu, akaandika mbili, nne, nane, kumi na sita, akasimama hapo. Angeweza kukisia. Aliinua macho, akawaona wauguzi, wapishi wa hospitali, mapokezi, wote waliompisha koridoni miaka yote hiyo.

"Sijui," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.