Siku Kuku ya Mama Mukwe Iliwika

Musicheke mbele nimalize. Mimi ule munaita docteur niliaibisha ukoo wangu muzima ku wakwe, na sababu ilikuwa sindano ya kuku.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Nilikuwa nimetoka masomo ya mifugo, nafanya kazi hapa Bukavu, abacost yangu, ile suti ya bila tai, imenyooka (nilijiona sana, sikatai), na nilitaka kuoa Nsimire wa Nyangezi. Siku moja mama yake akalalamika kuku zake hazina mapaja. Nikamuelezea: jogoo inashinda kuku muke nyama sababu iko na homoni ya kiume mu damu, ile ndiyo inanenepesha nyuzi za misuli. Ku kazi tulikuwa na dawa yake, ya madume ya ng'ombe. Nikaleta kidogo, nikadunga kuku muke sita, bila kuuliza mutu.

Mapaja yalijaa kidogo (ao macho yangu ndiyo yalitaka kuona). Lakini vilemba vya kichwa vikasimama vyekundu, kuku zikaanza kupigana. Nikajisemea mu roho, "Dawa inaingia."

Kisha siku ya mahari ikafika. Ng'ombe zetu zimefungwa mu lupango, uwanja wa nyumba yao, tonton yangu mukubwa, ndugu ya papa, amesimama ananiombea bibi kwa maneno matamu, na kuku muke moja ikapanda ku kiti, ikanyoosha shingo: kokorikooo!

Kwetu kuku muke kuwika ni kifo kinaitwa mu nyumba. Nyanya yake Nsimire akaruka: "Huyu analetea mutoto wetu kifo! Arudie na ng'ombe zake!" Kuku ya pili ikajibu. Watu wakasimama, Nsimire akaanza kulia.

Nikafungua kinywa: "Papa, si uchawi. Ni mimi. Nilizidunga homoni ya dume."

Papa yake Nsimire akaniangalia, akauliza polepole: "Na mutoto wangu, yeye utamudunga nini?"

Lupango nzima ikapasuka na kicheko, hata ule nyanya. Wakakata neno: kuku zote sita zichinjwe, na mimi mwenyewe nizikamate, na abacost yangu mu mwili, mbele ya wakwe. Weee! Zilikuwa na nguvu ya jogoo kweli. Ya mwisho ilinikwaruza shavu, ikaniangusha mu mavi ya ng'ombe, na Nsimire ndiye aliikamata, mukono moja tu.

Tulioana. Ku misuli sikukosea, mpaka leo nabishana na mutu yeyote. Nilisahau tu kama homoni haisomi adresi, haiendi ku mapaja peke yake, inapita na ku koo. Lakini niliapa: ku lupango ya wakwe naingia mikono mitupu. Na mama mukwe, kabla ya kunisalimia, ananipekua mifuko.