Makarai Mawili ya Mbolea

Nakumbuka mambo ya huko Tetu, mwanangu, nami leo nakusimulia.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa msichana wa kuringa na koti jeupe kwenye shamba moja la majaribio ya mifugo. Tulitaka kujua kama ng'ombe anaweza kulishwa maganda ya kahawa, yale yanayotupwa kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kupima mavi. Usicheke! Unapima anachokula, unapima kinachotoka. Kilichopungua hapo katikati ndicho tumbo limesaga.

Sasa mama yangu alikuwa akipita pale kila asubuhi. "Nyambura, viazi zangu ziko na njaa. Nipatie mbolea kidogo." Nami, ati mtoto mwema, nikawa namjazia makarai mawili kabla sijapima. Nilijiambia mavi ni mavi tu, nani atauliza?

Hesabu ikatoka tamu ajabu. Wakulima wakaitwa, wakaambiwa maganda yanasagika kuliko hata nyasi. Mama alikaa mbele kabisa akipiga makofi, maana mtoto wake ndiye aliyepima. Kesho yake akaanza kumlisha maganda Nyakairu, ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake yalitusomesha sote.

Nyakairu alikula, akashiba, akakonda. Maziwa yakakatika. Mwezi wa tatu wa kula maganda akaanguka, asiinuke tena. Mchinjaji alipompasua tumbo, Mungu wangu! Maganda yalijaa tele, mazima vilevile yalivyoingia. 

"Lakini si nyinyi mlipima?" mama akaniuliza. Wala hakukasirika. Alitaka tu kujua.

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa pale mkononi mwake, lile karai alilokuja kuwekea nyama. Mbolea niliyomjazia humo ndiyo niliyoihesabu kuwa imesagwa tumboni. Kesho yake nilimweleza afisa wetu. Wakulima wakaonywa, nami nikafukuzwa, haki yangu. Mama hakuitwa, maana hakuwa na ng'ombe tena, nami sikumwambia. Aliingia kaburini akiamini ng'ombe wake alikuwa mgonjwa.

Kwa hivyo nisikilize. Ukipewa kazi ya kupima, pima yote, hata lile karai la mtu unayempenda. Na ukikosea, sema siku ileile, ukianza na yule uliyemuumiza. Mungu akubariki, boma lako lisikose maziwa, na mama yako asije akakuuliza swali ambalo jibu lake unalo na huwezi kulitoa.