Mioyo Iliyoanikwa Juani

Nilipokuwa mtoto kule Sola, niliamini sana maneno ya bibi yangu, lakini nilimwamini zaidi mama, na mama alikuwa mbali. Alikuwa akipika mgahawani Mwanza. Mimi nililelewa na bibi, mzaa mama, na kazi yetu kubwa baada ya kuvuna viazi vitamu ilikuwa kuvikata vipande vya michembe na kuianika ikauke juu ya jabali nyuma ya nyumba.

Mwaka ule nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha kwanza, tena si darasani. Kilikuwa kwenye fulana ya mtumba niliyovaa: moyo mwekundu, na chini yake I LOVE YOU. Dada mmoja wa jirani alinitafsiria. Nikaona nimepata barua ya kumwandikia mama. Nikachagua viazi vinene, nikakata vipande vya umbo la moyo, na kwa ncha ya kisu nikachora yale maneno juu yake.

Bibi alipovikuta jabalini alikaa chini kabisa. Hakunigombeza.

“Ng'wanone, moyo wa mtu aliye hai hauanikwi,” alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. “Ukikauka huku, na mwenyewe anakukaukia huko.”

Alitaka tuvichemshe siku ileile, kabla jua halijavimaliza. Nililia mpaka akachoka, na alikuwa mwanamke wa kuchoka mapema, maana shamba la pamba lilikuwa lake peke yake. Akasema basi, ila yeye ameshasema. Mioyo ilipokauka tuliichanganya na michembe mingine, tukampa kondakta wa basi la Mwanza.

Nilingoja simu kupitia kwa jirani kama wengine wanavyongoja mvua. Mama alipopiga, alishukuru, akasema mzigo umefika, ameupika na maharage, ila safari hii tulikata ovyo, vipande havikulingana. Nikarudisha simu kwa mwenyewe.

Baada ya hapo mama alianza kukosa kuja. Mara bosi kamkatalia, mara nauli. Mwishowe ikawa anatuma sabuni na salamu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimemkausha mama kwa mikono yangu.

Bibi alishafariki. Mama amerudi Sola na miguu yake mibovu, na sasa yeye ndiye anayemlea binti yangu, kwa sababu mimi niko Dodoma, nashona sare kwenye karakana ya mtu. Siku moja nilimuuliza kuhusu ile michembe, nikidhani ameisahau.

“Niliyaona maumbo,” alisema. “Nilikuwa nimetoka kazini, mayu. Nilikuwa na njaa.”

Sikumkasirikia. Najua njaa hiyo, na najua kiti kinavyokuvuta ukiingia ndani jioni. Binti yangu hunipigia simu ya video, anakutanisha vidole vyake kuwa moyo, anasema ai lavu yu, mama. Nami huku nachambua mchicha, nasema nimeona, mwanangu, mpe bibi simu. Wiki nyingi nimesema nimeona bila kuangalia.

Jana hakuinua mikono. Aliniuliza tu kama nimekula, kwa adabu, kama mtu anayemsalimu mgeni.

Bibi yangu alikuwa sahihi, ila alilisingizia jua. Kinachokausha ni uchovu, nao hauna mganga. Leo asubuhi nimemwomba tajiri ruhusa. Amenuna, lakini tiketi ya Bariadi, ya kwenda kwetu, ninayo. Michembe ukiiloweka hulainika, ingawa haiwi kiazi tena. Nitaridhika na ulaini huo, kama mtoto atakubali.