Mafuta Mikononi, Matope Mkebeni

Julai ile nilipata kibarua mtaa wa Fedha, Embakasi, kwa mtafiti mmoja aliyegeuza gereji ya nyumba yake kuwa maabara. Alikuwa ameleta matope kutoka chini ya bahari, karibu na bandari, apime kama meli zimeyachafua kwa mafuta. Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini matope ya kilindini yaliyosafiri mpaka Embakasi ndani ya kasha la barafu, nani angekataa kuyaona?

Nilikuwa nayatoa kwenye mkebe wa chuma na kuyagawa kwenye chupa za kioo. Kijiko cha chuma, si cha plastiki. Foili chini ya kila kifuniko. Glavu wakati wote.

"Usile, usivute sigara humu," aliniambia. Nikatii.

Nilikuwa kwenye chupa ya tatu nilipomwuliza, "Madam, mashine itajuaje haya ni mafuta ya meli?"

"Itajulia wapi? Inasoma mafuta tu. Dizeli, grisi, hata jeli ya kujipaka, zote ukoo mmoja."

Nikainamia chupa. Juu ya foili, alama ya kidole changu ilikuwa inameta. Kila asubuhi kabla ya kutoka mtaani Mbotela, ninakoishi, najipaka jeli mpaka viwiko. Kwetu, kutoka nje ukiwa umepauka ni kumwaibisha mama. Na glavu nilizivaa kwa kuzivuta kwa vidole hivyo hivyo, zikapakaa nje.

Hakuna aliyejua ila mimi. Ningefuta foili, niendelee. Halafu yeye aandike kwamba bahari ni chafu, kumbe ni mimi.

"Madam, nimejipaka mafuta. Mikono."

"Aki wewe! Si nilikwambia..."

"Ulisema nisile."

Alikaa juu ya ndoo. "Kutoka mahali pale sina matope mengine. Ni huo mkebe tu." Kisha, polepole: "Ndani ya mkebe uligusa?"

Ningetamani kusema hapana.

"Kidole kimoja. Nilitaka kujua bahari inashikwaje."

Hakucheka. Alivaa glavu mpya, akachukua kijiko kisafi. "Nionyeshe wapi. Usisogee."

Nikaficha mikono mgongoni, nikamwonyesha kwa kuelekeza midomo. Akachimba upande wa pili, mbali na ukingo, mimi nikiwa nimebana pumzi. Matope safi yalitosha chupa moja.