Siku Mpunga Wangu Ulipotoboa Dari la Deo

Haya, chekeni mmalize kabisa, najua mmeshasimuliwa na wengine, ila leo mnasikia kwangu mimi niliyeaibika, na aibu niliiona kweli, sikatai.

Mwanangu Deo alinijengea nyumba hapa Ifakara, akapiga yale mabodi meupe ya jipsamu, akanipigia simu kwa ile sauti yake ya mjini, ya puani, "Maama, nimekuwekea dari." Sasa mimi dari ninalolijua, la nyumbani kwa mama yangu, lilikuwa la mbao, juu ya moto, na linabeba mpunga wa mwaka mzima! Nikapandisha wangu, ndoo kwa ndoo, kwa ngazi (miguu hii hii mnayoicheka). Wiki ya pili, bodi la sebuleni likashuka tumbo kama la mjamzito wa miezi minane.

Na Jumamosi Deo alikuwa anakuja na mkewe kuniangalia kama bado naweza kukaa peke yangu, la sivyo nabebwa Dar. Jirani yangu Mama Sabina (anaongea kama kuku anayetafuta pa kutagia) akaanza, "Mwite fundi, mwite fundi, mwite!" Nimwite fundi akamwambie Deo? Thubutu! Kuushusha mpunga nao, magoti yalishagoma. Nikapindua kinu, nikasimamisha mchi juu yake, nikalisukuma lile tumbo likapanda, mchi nikauvisha kitenge, pakapendeza.

Jumamosi majirani wamejaa kumsalimia Deo, shikamoo, marahaba, mkwe wangu akauliza kwa kale kasauti kembamba, "Mama jamaani, na hii nguzo?"

"Urembo," nikasema, "na imara, hebu ona!" Nikakipiga kinu teke la kisigino.

Prraaa! Mchi ukatoboa bodi, tumbo zima likapasuka, mpunga, vumbi, mapande meupe, vyote juu ya Deo, na kikombe cha chai kiko mkononi. Mzee Masanja, yule Msukuma wa ng'ombe, akachungulia mlangoni, akaniita mama kwa Kisukuma chake, "Iii, mayu! Kumbe kwako mpunga unavunwa juu?" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Deo akajipangusa macho. "Mama, panga nguo. Leo tunaondoka wote."

Kicheko kikakatika. Hata Mama Sabina akafunga mdomo (mara moja tu tangu nimjue).

Nikamwambia, "Baba, mpunga huu nimeulima mimi, nimeupandisha mimi. Bodi lako wiki mbili tu limelala. Sasa nani hapa wa kubebwa?"

Mara mkewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mpunga wenyewe, "Deo, huyu humuwezi, twende zetu."

Wakaondoka wawili, na gunia la mpunga, nikabaki kwangu naangalia bati. Funzo nimepata, naapa sipigi tena kitu teke mbele ya wakwe. Deo anasema ataleta mabodi mengine. Alete tu. Mimi nimeshaagiza mbao.