Bastola ya Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Inspekta wa ghala la silaha pale Homa Bay alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaniambia nipeleke chai upande wa korokoroni. Alidhani mimi ni msichana wa jikoni aliyeazima sare. Nikamwonyesha barua yangu ya kupangiwa kazi. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi.

"Fundi wa silaha ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Haya. Tutaona."

Akaniletea karai la kufulia lililofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na bastola iliyofunguliwa vipande vyote, mpaka springi zake ndogo kabisa. Nikaambiwa niiunge kabla ya saa kumi. Saa tisa nilikuwa nimemaliza, slaidi inateleza kama imepakwa siagi, nikampelekea huku nimevimba kichwa. Inspekta akatia kidole karaini, akatoa kijichuma kidogo kama punje ya mtama.

"Na hiki?"

Nilikitazama, nikakigeuza, nikakubali kwamba sikijui. Kumbe kilikuwa cha bastola nyingine, alikitupia humo makusudi.

"Basi utabaki," akasema. "Ungeniambia unakijua ningekurudisha kwenu leo leo. Fundi anayejua kila kitu ataniulia watu."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika bastola ya aina hii, na ninakuombea usiwahi kuihitaji, nieleze kidogo. Risasi zake hukaa ndani ya mpini, zimepangwa kwenye kijisanduku tunachokiita magazini. Juu kuna chuma kinachoteleza, ndiyo slaidi. Ukiivuta nyuma na kuiachia, inachukua risasi ya juu kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, tayari kwa kufyatuliwa. Baada ya hapo kila ukivuta triga inalipuka na kujipakia nyingine yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuitoa risasi lazima aondoe magazini kwanza, ndipo avute slaidi kutoa ile iliyobaki chembani. Akianza na slaidi, risasi moja itaruka nje naye atafurahi, lakini magazini itakuwa imekwisha kupeleka nyingine mahali pale pale. Hapo hata akiondoa magazini, ameshika mauti mkononi na roho yake imetulia.

Kosa hilo nimeliona mara nyingi kuliko mvi zangu. Ndiyo maana mlangoni mwa ghala kulikuwa na pipa lililojaa mchanga. Kila aliyeingia, awe konstebo au kamanda, alielekeza mtutu kwenye mchanga na kuonyesha kwamba silaha yake ni tupu. Nilimfanyisha hivyo hata Kamanda wa wilaya alipokuja na wageni wake. Uso ulimwiva, lakini alifanya. Inspekta alikuwa nyuma yake akijikuna sikio ili asicheke.

Baadaye nilihamishiwa Migori, na huko ndiko nilikoshangaa ya dunia. OCS, yaani mkuu wa kituo, alinikabidhi kazi ya kukagua bastola za raia wenye leseni. Walikuwa wafanyabiashara wa Suna, wanunuzi wa dhahabu kutoka Osiri, na mzee mmoja mwenye maboti ya samaki aliyevuka ziwa kutoka Mfangano ili kumwachia binamu yake silaha baada ya kupata kibali. Watu hawa waliuziana bastola kuukuu kwa idhini ya ofisi ya leseni, na kabla ya kuuziana zilipita mikononi mwangu.

Ya yule mzee wa samaki niliichomoa magazini nikakuta magamba ya mbuta yamegandamana na springi. Ya mnunuzi wa dhahabu mmoja ilikuwa na vumbi jekundu mtutuni, kana kwamba alikuwa akichimba nayo mgodini. Lakini aliyenivunja nguvu ni bwana mmoja mwenye duka la vyuma, Mswahili wa pwani, mstaarabu kupindukia. Bastola yake ilinukia hadi OCS akatoka ofisini kuuliza ni nani amejipaka manukato.

"Hii umeitia nini, bwana?"

"Mafuta ya nazi, mama. Yale ya nywele ya mke wangu. Naona inang'aa vizuri sana, alhamdulillahi."

"Na siku ukihitaji kuifyatua?"

"Mungu apishe mbali! Ya nini nifyatue?"

OCS alirudi ofisini akiwa ameshika ukuta kwa kicheko.

Kuikagua bastola iliyotumika ni kama kumkagua ng'ombe mnadani, usisikilize sifa za mwenyewe. Nilimulika mtutu kwa tochi nione kama mistari yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, bado ina kingo. Nilitikisa slaidi nisikie kama inacheza kupita kiasi. Nilibonyeza springi ya magazini kwa kidole gumba, na kuangalia ukucha unaong'oa ganda la risasi, maana ukucha ukiliwa silaha inakwama. Mwisho nilikwenda nayo uwanja wa shabaha nikaipiga mwenyewe, na sikudanganyi, hapo ndipo nilipolipwa mshahara wangu. Nilipenda ule uzito mkononi. Nilipenda kuvuta pumzi, kuiachia nusu, na kuona tundu limekaa katikati ya karatasi.

"Madam, wewe unapenda hii kitu kushinda pesa," OCS aliniambia siku moja.

"Afande, kila mtu na ugonjwa wake."

Nilistaafu nikiwa Sajini, bila risasi hata moja kunitoka bila mimi kutaka. Hilo nilijivunia kuliko cheo. Nikarudi nyumbani Homa Bay, nikafuga kuku, na kuku wakanichosha. Nikaomba leseni ya raia, nikaipata, nikawa naungana na wapenzi wengine wachache wa shabaha kwenye uwanja ulioruhusiwa upande wa Migori. Nilipiga kwa bastola za kuazima pale uwanjani. Lakini mwenye kuazima ngoma hachezi kwa raha, nikatafuta yangu, iliyotumika, ya bei ninayoiweza.

Ndipo binti yangu Atieno akaniletea habari. Mumewe alikuwa mnunuzi wa dhahabu Osiri, sasa anaacha biashara hiyo afungue shamba la miwa, na bastola yake ya leseni anataka kuiuza kwa utaratibu. Ilikuwa aina ile ile niliyoitamani tangu Migori. Tukakubaliana ailete niitazame kwanza, na ikinifaa tupeleke karatasi zetu ofisi ya leseni.

Jina la mkwe wangu siliandiki hapa, kama nisivyolitamka. Sisi Wajaluo wa rika langu, mama mkwe na mume wa bintiye wanaheshimiana hadi inakuwa kazi. Hatushikani mikono. Hatukai kiti kimoja. Hatubishani, wala sikuambii kwamba unachosema si kweli, hata ukisema jua linachomoza kule ziwani linakotua. Vijana wa siku hizi nawaona wakikumbatiana na wakwe zao harusini na kupiga picha, wala siwalaumu. Mimi sikufika huko. Yeye naye amelelewa vizuri. Miaka yote ya ndoa yao mazungumzo yetu yalipitia kwa Atieno.

Alikuja mchana, akaketi kiti cha karibu na mlango, mbali nami.

"Atieno, mwambie mama hiyo kitu nimekuja nayo," akasema.

"Mama, amekuja nayo."

"Mwambie ahsante, aiweke hapo mezani."

Akainuka, akaiweka mezani juu ya kitambaa bila kunikaribia. Pembeni yake akaweka magazini, na kando ya magazini risasi moja peke yake. Akarudi kukaa. Atieno akaenda jikoni kuleta chai.

Sasa nisikilize vizuri, wewe uliyevaa sare leo. Niliiona ile risasi moja, nikajisemea, mkwe wangu ni mtu mwangalifu, ameitoa ya chembani. Mkono ulikuwa wapi wa kuvuta slaidi nihakikishe? Ulikuwepo. Lakini sauti ya slaidi ikivutwa sebuleni kimya, mbele ya macho yake, niliisikia kabla haijatoka. Ingekuwa kama kumwambia mkwe kwamba simwamini. Kama Atieno angekuwepo ningemwambia, "Muulize alianza na kipi," na mambo yangeishia hapo. Atieno alikuwa jikoni anatafuta sukari. Nami nilikuwa na hamu kama mtoto mbele ya peremende.

Aina ile haifunguki vipande vya kukagua mpaka uvute triga kwanza. Nikaelekeza mtutu sakafuni, macho chini kwa adabu, nikavuta.

Sijui nilisikia nini. Nakumbuka kuku wakitawanyika nje. Nakumbuka kwamba mikono yangu ilibaki ilivyo, kana kwamba si yangu. Risasi ilipiga saruji. Saruji si mchanga, haimezi kitu. Iliruka, ikampata mkwe wangu pajani. Alikuwa bado ameketi, anatazama suruali yake ikibadilika rangi, uso wake wa mtu anayejiuliza amemwagikiwa na nini.

"Mayo!" Atieno alipiga kelele mlangoni, na sinia likaanguka. "Mama, umefanya nini? Umefanya nini?"

Nilishtuka mshtuko ambao sikuujua, wa kujiona mimi mwenyewe ndiye yule mjinga niliyekuwa nikimsimanga miaka yote. Halafu nikaona damu inavyokuja, na kazi ikanirudia. Nikapiga magoti mbele ya mkwe wangu, nikalishika paja lake kwa mikono miwili, nikaligandamiza kwa uzito wangu wote. Mtu ambaye sijawahi kumgusa hata kidole. Alijaribu kujivuta nyuma, masikini, kwa aibu.

"Mama, wacha. Si vizuri," akasema.

"Nyamaza," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake moja kwa moja.

Jirani alituletea gari. Njia nzima hadi hospitalini sikuachia, na Atieno alikuwa ameshika kichwa cha mumewe akimwita kwa jina lake la utotoni. Nilikuwa namhesabia pumzi. Nilimwomba Mungu anichukue mimi nisimfanye mwanangu mjane kwa mkono wangu. Walipomtoa mikononi mwangu vidole vyangu vilikataa kunyooka, muuguzi akavikunjua kimoja kimoja.

Nilijipeleka kituoni mwenyewe jioni ile. Koplo wa ghala alikuwa msichana niliyemfundisha kazi. Alifungua kitabu cha taarifa.

"Sababu, mama?"

"Heshima."

Akapitisha kidole kwenye safu ya sababu. "Mama, hiyo sababu haiko. Wewe ndiye ulitufundisha. Hapa ni uzembe."

"Basi andika uzembe."

Akaandika. Nikatia sahihi. Leseni yangu ilichukuliwa, na sijaiomba tena. Wapo wanaonifariji kwamba kosa lilikuwa lake, alianza na slaidi. Ni kweli alianza na slaidi. Yeye alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mimi nilikuwa fundi. Niliweza kumsimamisha Kamanda wa wilaya mbele ya pipa la mchanga, kwa sababu pale nilikuwa na sare na kanuni ilikuwa ya serikali. Nyumbani nilikuwa mama mkwe, nikaiacha kanuni nje pamoja na viatu. Mnaoniuliza kustaafu kukoje, kuko hivyo. Unavua sare, hatari haivui yake.

Siku ya tatu waliniruhusu kumwona. Alikuwa amepona mauti, ingawa mguu ungebaki na hitilafu. Nilisimama mlangoni kama desturi. Atieno alikuwa kando ya kitanda, na mkwe wangu akamwambia atoke kidogo. Atieno alinipita bila kunitazama. Tukabaki wawili, na hakuna wa kutupelekea maneno.

"Mama," akasema akitazama dari, "kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, baba."

Akageuzia uso ukutani. Nilidhani amekasirika, nikaanza kurudi nyuma.

"Hata mimi," akasema. "Ile risasi iliruka nje, nikaona kama kuna kitu nimekosea. Njia yote kutoka Osiri nilikuwa nataka kukuuliza kama nimeitoa sawa. Wewe ndiye fundi. Nikaona haya."